Nilitema karanga, mwanangu akaimeza!

Wiki iliyopita tuliongelea michango ya harusi na baadhi yenu mkaninunia, eti nimewachoma. Haya, leo nawapa nafasi ya kulipiza kisasi, maana wiki hii anayechomwa ni mimi mwenyewe. Kama uko ndani ya daladala shika bomba vizuri, kama uko kijiweni sogea kivulini, tuanze.

Kisa chenyewe ni cha karanga. Usicheke bwana. Karanga hizi hizi tunazofungiwa kwenye kipande cha gazeti tukisubiri mpira uanze.

Bosi wangu pale nyumbani alikuwa ametimiza miezi saba. Namwita bosi kwa sababu ndiye anayepanga nani alale saa ngapi na nani aamke saa ngapi. Kliniki walishatuambia kwamba akifika miezi sita aanze kula, huku akiendelea kunyonya. Basi kikao cha nyumba kikaketi, wajumbe wawili, kikapitisha kwamba mimi ndiye nitakayekwenda sokoni kutafuta mahitaji ya unga wa lishe. Kura yangu haikuhesabiwa.

Orodha ilianza na mahindi na ulezi. Shangazi akapiga simu akaongeza mtama. Jirani akapita akaongeza soya. Wifi yake mama mtoto akasema bila karanga hiyo siyo lishe, ni maji ya unga. Unga wa lishe siku hizi umekuwa kama timu ya taifa, kila mtu ana mchezaji wake anayetaka aingie uwanjani. Nikaondoka na karatasi yenye vitu saba.

Sasa mimi, mpenzi msomaji, ni mtoto wa mjini. Nikienda Kariakoo kununua simu natumia nusu saa nzima kuikagua. Naigeuza, natazama kioo kama kina ufa, najaribu kamera, nachomeka chaja, kisha nampigia mshikaji, "Haloo, unanisikia?" Anayetaka kunibambika simu mbovu aamke mapema sana. Lakini mbele ya magunia ya nafaka ujanja wote uliniisha. Nilikuwa nanyoosha kidole tu: hiyo kilo mbili, hiyo kilo moja, funga.

Nikafika kwenye karanga. Palikuwa na marundo mawili. Rundo la kwanza zilikuwa nene, nyekundu, zinang'aa kama zimepakwa mafuta, kilo shilingi 4,000. Rundo la pili lilikuwa mchanganyiko: nusu nusu, zilizosinyaa, nyingine zimetobolewa na wadudu, nyingine zina weusi na vumbi la kijani kwa mbali. Hizo kilo shilingi 2,200. Nikauliza, vipi tena hapa? Muuzaji, kijana mwenzangu kabisa, akanijibu bila kupepesa macho:

"Kaka, zile ni za kula. Hizi ni za kusaga."

Nikamwambia nataka za uji wa mtoto.

"Basi si utasaga? Chukua hizi. Zikishasagwa nani atajua?"

Nikaona jamaa ana akili. Nikachukua kilo mbili za kusaga, nikaokoa shilingi 3,600, na hiyo chenji msiniulize ilikoishia. Mashineni nikamwagia kilo moja pamoja na vitu vingine vyote, unga ukatoka laini, una rangi nzuri, unanukia. Weusi haukuonekana, vumbi la kijani halikuonekana, na zilizosinyaa zilikuwa sawa na zilizonenepa. Mama mtoto akaonja kwa ncha ya kidole, akanisifu. Nilitembea siku ile kifua mbele kama baba wa mfano.

Ikapita wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bosi anakunywa uji asubuhi, mchana na jioni.

Jumamosi moja nimekaa mbele ya televisheni nasubiri mechi ya watani wa jadi, mama mkwe wangu amekuja kututembelea, kakaa kwenye mkeka na mjukuu mapajani anamlisha. Mimi nikakumbuka ile kilo ya pili ya karanga iliyobaki kabatini. Nikatia kikaangoni na chumvi, nikaja nazo kwenye bakuli. Ya kwanza poa. Ya pili poa. Ya tatu, jamani! Uchungu ule unaoujua, unaoanzia kwenye ulimi na kuishia masikioni. Nikakimbilia dirishani nikatema. Nikajaribu nyingine, hiyo nayo ndani nyeusi, nikatema tena, nikasukutua na maji. Nikasema kwa sauti ya juu kabisa:

"Karanga gani hizi? Hizi hazifai kuliwa na mtu!"

Kimya. Mama mkwe akanitazama mimi, akalitazama bakuli, akautazama uji. Akaweka kijiko chini taratibu.

"Baba," akaniuliza, "za kwenye huu uji zimetoka wapi?"

Mechi ile mpaka leo sijui ilikwishaje.

Mama mkwe hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Aliongea kwa upole, na upole wa mama mkwe unauma kuliko fimbo. Yeye ni mtu wa Kondoa. Akanikumbusha habari ya mwaka 2016, ugonjwa ulipozuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu waligeuka macho ya manjano, wakatapika, matumbo yakajaa. Waliougua walihesabiwa 68, na 20 kati yao walifariki. Uchunguzi ulipofanyika mkosaji akaonekana ndani ya mahindi yale yale waliyokuwa wakila kila siku. Jina lake ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu, yaani ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri au iliyohifadhiwa penye unyevu. Wenzetu wa Kenya yaliwakuta makubwa zaidi mwaka 2004, upande wa mashariki ya nchi, Makueni na Kitui: waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125.

Usiku ule sikulala. Jumatatu asubuhi nikambeba bosi, mama yake kando, tukaenda kliniki. Nikamkuta muuguzi mmoja mwenye subira, nikamweleza yote. Sikuficha hata ile chenji. Maswali niliyomwuliza ndiyo ambayo na wewe ungeuliza, kwa hiyo nayaleta hapa kama yalivyokuwa.

"Sista, si tunauchemsha uji? Tena unatokota mpaka unarukia jiko."

Akacheka kidogo. Akaniambia uji unachemka kwenye nyuzijoto 100, na sumu hii huhitaji joto la zaidi ya nyuzijoto 200 ndipo ianze kuvunjika. Ukichemsha unaua kuvu wenyewe, lakini sumu waliyoiacha inabaki pale pale. Ni kama kumwua nyoka baada ya kukuuma. Hata kukaanga karanga kunapunguza kiasi tu, hakumalizi. Kuosha unga ndiyo usiseme, na kuuanika juani baada ya kusagwa hakurudishi kitu.

"Basi nitakuwa nazionja kabla. Chungu natupa."

Hapo akatikisa kichwa. Ule uchungu ni dalili kwamba karanga imeharibika, siyo ladha ya sumu. Sumu yenyewe haina ladha, haina harufu, haina rangi ya kuiona kwa macho. Karanga chungu ni kengele inayokulilia, lakini kimya cha kengele hakimaanishi kwamba hakuna moto. Ndiyo maana hata nafaka inayoonekana safi inaweza kuwa nayo kidogo, na kipimo cha uhakika ni cha maabara.

"Lakini sista, karanga mbili tatu mbovu kwenye kilo nzima zina nini?"

Akaniambia hapo ndipo wengi tunapopotea. Sumu hii haigawanyiki sawa. Unaweza kuwa na gunia zima salama na punje chache tu zikabeba karibu mzigo wote. Zikiwa nzima unaweza kuziona ukazitoa. Zikisagwa zimeingia kwenye kila kijiko.

Nikakumbuka yule kijana wa sokoni. Zikishasagwa nani atajua?

Nikauliza la mwisho, lile nililokuwa naliogopa. Kwa mtoto inafanya nini? Akanieleza taratibu. Ikiingia nyingi kwa mara moja inashambulia ini, kama ilivyokuwa kule Dodoma na Makueni. Ikiingia kidogo kidogo kila siku haipigi kelele, na hiyo ndiyo hatari yake. Wataalamu wa saratani duniani wameiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, na inayohusika hapa ni saratani ya ini. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B akila sumu hii, nguvu yake ya kuleta saratani hiyo inafika mara 30 hivi ya ile iliyo kwa mtu asiye na virusi. Ndiyo sababu zile sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambazo ndani yake mna kinga ya homa hiyo ya ini, si za kurukwa hata moja.

Na kuna suala la kukua. Watafiti walipima damu za watoto wadogo 480 kule Benin na Togo, matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Karibu wote walikutwa na alama ya sumu hii mwilini, na wale waliokuwa wafupi na wepesi kuliko umri wao ndio waliokuwa na kiwango cha juu. Tena walioachishwa ziwa walikuwa nacho zaidi kuliko waliokuwa bado wananyonya, kwa sababu moja rahisi: akiacha ziwa anahamia kwenye uji. Mtu mzima anakula ugali leo, wali kesho, chipsi keshokutwa. Mtoto wa miezi saba ana bakuli moja, asubuhi, mchana na jioni, na mwili wenyewe ni kilo saba au nane. Mbovu ikiwamo humo hana pa kukwepea.

Hapa kwetu utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 3 katika kila 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sitaki nikudanganye kwamba ni karanga peke yake. Kuna kuhara, kuna malaria, kuna chakula kisichotosha. Lakini hizo nyingine tunazijua na tunapambana nazo. Hii tunaipeleka mashineni wenyewe, na nauli tunalipa.

Nikiwa na ubishi wangu wa mjini nikaenda kusoma zaidi. Kumbe dunia iliijua sumu hii kwa ajili ya bata mzinga! Mwaka 1960 kule Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, watu wakachanganyikiwa, ugonjwa hauna jina. Mwisho ikagundulika kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga zenye kuvu. Tangu hapo mataifa yakaanza kuweka viwango. Kwa nchi zetu za Afrika Mashariki, mahindi hayatakiwi kuzidi mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, yaani kama gramu moja kwenye tani 100. Aina yake kali zaidi, iitwayo B1, isizidi 5. Ulaya kwenye chakula cha watoto wachanga hiyo B1 haitakiwi kuzidi 0.1. Mara 50 chini. Mtoto wa mwenzako analindwa hivyo, na mimi wa kwangu nimemlinda kwa kuokoa shilingi 3,600.

Sasa tufanyeje? Haya ndiyo tuliyoambiwa, na ndiyo tunayoyafanya.

Kwanza, unga wote niliubeba nikaufukia, na ile kilo ya pili juu yake. Niliuliza kama nimpe jirani mwenye ng'ombe, nikaambiwa usithubutu, maana ng'ombe wa maziwa akila sumu hii hupita kwenye maziwa, na maziwa hayo anayenunua ni nani? Mimi.

Pili, karanga tumezitoa kwenye unga. Mahindi na karanga ndiyo vipenzi vikubwa vya kuvu hawa, na ukivisaga pamoja vikakaa mwezi mzima ndani ya ndoo kwenye joto la Dar, umewajengea hoteli. Bosi sasa uji wake ni wa ulezi au mchele mara nyingi, na mahindi kwa zamu. Ule utamu na nguvu za karanga anazipata kwenye maziwa, yai, maharage yaliyopondwa na dagaa waliosagwa. Siku tukitaka karanga tunachambua konzi moja, tunakaanga, tunasaga hapo hapo, inaisha siku hiyo. Na viazi na ndizi navyo ni chakula, siyo lazima kila siku uji.

Tatu, tunanunua nafaka nzima na kuichambua kabla ya kusaga. Ungo hatukuwa nao, tumeazima kwa jirani, wa kwetu tumeununua baadaye. Tunachambua mchana penye mwanga, siyo usiku kwa taa. Iliyovunjika nje, iliyosinyaa nje, iliyobadilika rangi nje, iliyotobolewa nje. Mahindi tunakoboa kwanza, kwani sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Kuchambua hakumalizi sumu yote, ila kunaondoa sehemu kubwa, na hakuna kitu cha bei rahisi kuliko hicho.

Nne, tunasaga kidogo kidogo, unga wa wiki mbili, kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, juu ya stuli na siyo sakafuni. Ukinunua unga uliofungwa tayari, tazama alama ya TBS na tarehe.

Tano, kwa wenye wazazi shambani wanaowatumia gunia. Mwambie mzee asirundike mahindi juu ya udongo, aanike juu ya turubai. Na wewe ukipokea fanya jaribio hili la chumvi: tia mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, tikisa sana, acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji, yarudi juani.

Na bosi? Siku ile kliniki walimpima. Kwenye kadi mstari wake wa uzito ulikuwa umelala mwezi ule, haukupanda. Sista akasema huenda ni mafua aliyokuwa nayo, huenda ni meno, hakuna anayeweza kusema ni karanga. Miezi iliyofuata ukapanda vizuri. Sasa anakimbia nyumba nzima na remoti yangu haijulikani ilipo. Lakini ule mstari uliolala nikifungua kadi bado nauona, na kila nikiuona nakumbuka kwamba mimi nilipokutana na karanga mbovu nilikuwa na mdomo wa kutemea na dirisha la kukimbilia. Yeye alikuwa na kijiko mbele yake na baba aliyemwamini.

Mwezi uliofuata nilirudi sokoni kwa yule yule kijana. Akanikumbuka.

"Kaka, za kusaga zipo, mpya zimeingia."

"Nipe za kula, nusu kilo."

"Si unasaga lakini?"

"Nasaga. Ila anayekula ni mtu."

Akacheka, akaanza kupima. Nikamwuliza, eti na wewe una mtoto? Akasema anaye, wa mwaka mmoja. Nikamwuliza yeye anakula zipi. Akanyamaza kidogo, akafunga mfuko, akanipa.

"Wa kwangu," akasema, "mama yake huzichambua kwanza."

Unaona? Alijua. Wala simlaumu sana, kwani na mimi nilikuwa na macho na niliyaona marundo yote mawili. Kwa hiyo wewe kijana wa mjini, baba mtarajiwa, mama mtarajiwa, mjomba au shangazi unayetumwa sokoni leo: ile nusu saa unayoipa simu yako, zipe karanga dakika 10. Na kama wewe mwenyewe usingeila ikiwa nzima, usimpelekee mtoto ikiwa unga.

Kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitawaeleza mama mkwe alivyorudi Kondoa na ungo wangu mpya. Kwaherini!